Jirani amejenga ukuta ndani ya ploti yangu Kiamunyi, karibu futi nne: nani anawajibika?

Muuguzi_KSM

Hamjambo wanajukwaa. Naomba mnisomee hadi mwisho, jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumamosi.

Mwaka 2013 nilinunua ploti ya futi 50 kwa 100 pale Kiamunyi, Nakuru. Hati ninayo, ina jina langu, imeandikwa hektari 0.045. Kazi yangu iko Kisumu, mimi ni muuguzi, na hela ya kujenga haikupatikana mapema, kwa hiyo ploti ilikaa tu. Nilikuwa napita mara moja au mbili kwa mwaka, namlipa kijana afyeke nyasi, narudi zangu. Jirani wa upande wa chini alijenga ukuta wa mawe kutoka barabarani hadi nyuma kabisa. Kusema kweli nilifurahi. Niliona upande mmoja nimepunguziwa gharama.

Sasa mwaka huu nimeanza mjengo. Fundi alipotandaza kamba achimbe msingi, akaniita pembeni: "Mama, hapa hakuna hamsini." Tukapima mara tatu. Mbele ni futi arobaini na sita, nyuma arobaini na sita na nusu. Nikatafuta mpima ardhi mwenye leseni, akaja Jumamosi na mashine yake na nakala ya ramani kutoka ofisi ya ardhi. Bikoni mbili za upande wa juu, zile alama za mpaka zinazowekwa kwenye kona za ploti, zilikuwepo. Za upande wa chini, hakuna. Tukabisha hodi kwa jirani, akaturuhusu kuingia. Mpima akatembea na mashine akiitazama, akasimama chini ya mpera, akasema, "Chimbeni hapa." Jembe lilishuka kama shubiri mbili tukasikia mlio wa chuma. Kipande cha nondo ndani ya zege, kimeliwa na kutu. Bikoni yangu hiyo, ndani ya uwanja wa mtu mwingine, futi nne kutoka ukutani.

Jirani ni mwalimu mstaafu, mzee wa heshima zake. Alisimama mikono nyuma, akaliangalia lile shimo muda mrefu, kisha akasema, "Binti yangu, mimi nilimlipa fundi ajenge kwenye mpaka." Huyo fundi hajulikani aliko siku hizi.

Mume wangu anasema tubomoe. Kaka yangu anasema twende kwa chifu. Mimi nauliza: mwenye kuwajibika ni Mwalimu au ni fundi wake? Na nina haki ya kuubomoa?

Kijana_wa_Lanet

Ardhi ni yako, ukuta uko kwenye ardhi yako, unauliza nini tena? Tafuta vijana wanne na nyundo, asubuhi moja imeisha. Akienda polisi muoneshe hati.

Wakili_Mashinani

Muuguzi, tafadhali usifuate ushauri huo. Nimeona watu wenye hati safi kabisa wakipanda kizimbani kwa sababu ya nyundo. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha Sheria ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 5. Wapo watakaokuambia kilichojengwa juu ya ardhi hufuata ardhi, kwa hiyo ukuta ni wako. Hoja hiyo ina mizizi katika sheria, lakini mahali pake ni mbele ya hakimu. Ukiianza kwa kubomoa, utakuwa unajitetea kama mtuhumiwa badala ya kudai ukiwa mlalamishi.

Sasa swali lako. Anayewajibika kwako ni Mwalimu. Kuingilia ardhi ya mtu ni kosa la madai lisilosubiri nia mbaya. Kusema "sikujua" au "fundi alikosea" hakuondoi wajibu, na wewe huhitaji kuthibitisha hasara ndipo udai. Ukuta umesimama kwako bila ruhusa, basi. Tena kosa hilo linaendelea kila siku ukuta unaposimama. Kosa la fundi ni kati ya fundi na Mwalimu aliyempa kazi, wewe hukuwa na mapatano naye. Namsikitikia mzee, maana dai la mkataba lina miaka 6 tu tangu uvunjwe, na kwa mnavyoeleza nadhani ameshachelewa. Lakini huo si mzigo wako.

Niambie jambo moja: ukuta ulijengwa mwaka gani hasa? Usikisie.

Mpima_Ziwani

Niongeze ya upande wangu, kazi hii nimeifanya Kisumu na Nakuru miaka mingi.

Watu wanadhani mpaka ni ukuta. Ukuta ni ukuta tu. Ploti nyingi za Nakuru zilitokana na mashamba makubwa yaliyonunuliwa na kampuni za kununua ardhi, yakakatwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila kukata kuna fomu ya mgawanyo na vipimo vyake ofisini. Chini kunawekwa bikoni. Halafu ploti inakaa miaka kumi, trekta inalima, mvua inashusha udongo, mtoto anang'oa chuma akauze kwa skrepa. Fundi anakuja, hakuna bikoni, anapima kutoka kwenye ua wa jirani wa tatu ambao nao ulikosewa. Kosa la futi moja linasukumwa ploti hadi ploti, mpaka anatokea mtu wa mwisho aliyekosa futi nne. Muuguzi, pima na upande wa pili wa Mwalimu. Sitashangaa kama naye amekatwa huko.

Jambo jingine ambalo halisemwi: msingi. Ukuta wa mawe una unene wa kama sentimita 20, lakini zege la chini lina upana wa sentimita 60 hivi. Ukisimamisha uso wa ukuta sawasawa na mpaka, kule chini zege limeingia kwa jirani sentimita 20. Halionekani, lakini limeingia. Siku jirani akichimba msingi wake analikuta, na ugomvi unaanza. Ukijenga ukuta wako peke yako, zege lote likae kwako. Mkitaka kuuweka katikati ya mpaka, uwe wa wote wawili, kwa maandishi.

Mama_wa_Vihiga

Huku kwetu hatuna bikoni, tuna ua. Mashamba yalipopimwa wakati wa kugawa hati, ramani zilichorwa kutoka kwenye picha za ndege, na kilichoonekana kutoka angani ni msitari wa miti. Kwa hiyo mpaka wa baba mkwe wangu ni miti mitatu ya lusiola na mkonge. Shemeji yangu aling'oa mkonge akapanda mwingine hatua mbili ndani. Tulipoenda kwa wazee akasema mkonge umekufa kwa kiangazi.

Wazee walitusaidia kwa jambo moja: walikumbuka mti. Walituonesha kisiki cha lusiola ya zamani ardhini, na shemeji akanyamaza. Msiwadharau wazee. Hata Katiba, kipengele cha 60, inahimiza jamii kumaliza migogoro ya ardhi kwa njia zao.

Wakili_Mashinani

Mama, ni kweli, na ushahidi wa wazee kuhusu mti wa kale una uzito mkubwa. Ila wazee na chifu hupatanisha. Hawana mamlaka ya kuamua mpaka wa ardhi yenye hati. Mwenye kuuamua ni msajili wa ardhi. Na kuharibu au kung'oa alama ya mpaka bila idhini ya msajili ni jinai chini ya kifungu cha 21 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012: kifungo hadi miaka 2, au faini hadi shilingi 200,000, au vyote viwili. Mkonge ukiwa ndio mpaka, nao ni alama.

Kifungu cha 18 cha sheria hiyo hiyo ndicho kinachowaumiza watu. Ardhi nyingi zilizosajiliwa zina mipaka ya jumla, maana yake ramani haidai kuonesha msitari kamili hadi inchi. Kwa ardhi ya namna hiyo korti haisikilizi mgogoro wa mpaka kabla msajili hajauamua. Msajili huandikia pande zote, huja na mpima wa serikali, huwasikiliza, huonesha mpaka ulipo, na huandika.

Bukusu_Mstahimilivu

Hayo ya kifungu cha 18 nayaandika kwa uchungu. Bungoma, familia yetu. Tulifungua kesi ya mpaka dhidi ya jirani, tukahudhuria miaka minne. Nauli, wakili, mashahidi wazee wa miaka themanini wanaopandishwa pikipiki asubuhi. Mwaka wa nne korti ikasema haina mamlaka kwa sababu hatukuanza kwa msajili. Hatukushindwa kwa ukweli, tulishindwa kwa mlango tuliopitia. Shahidi wetu mkuu alikuwa amefariki tuliporudi kuanza upya. Yeyote anayesoma hapa aanze kwa msajili.

Muuguzi_KSM

Pole sana ndugu Bukusu.

Wakili, nimefanya ulivyosema. Nilimuuliza Mwalimu mwenyewe kwa simu. Anakumbuka vizuri kwa sababu alijenga wakati wa likizo ya Agosti 2014, alikuwa bado anafundisha, na ukuta uliisha kabla shule kufunguliwa. Kijana wangu naye ametazama picha za zamani za setilaiti kwenye Google Earth: mapema 2014 hakuna kitu, picha inayofuata ukuta upo.

Wakili_Mashinani

Basi nisikilize vizuri, Muuguzi. Agosti 2026 ukuta huo unatimiza miaka 12.

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, kifungu cha 7, huwezi kudai ardhi baada ya miaka 12 tangu haki yako ya kudai ilipoanza. Na kifungu cha 38 kinamruhusu aliyekaa muda huo wote, waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, aende korti aombe aandikwe mwenye kile kipande. Si lazima iwe shamba zima. Kipande cha futi nne kinachoweza kupimwa na kuchorwa kinatosha. Mpera uko upande wake, analima sukumawiki pale, amezungushia ukuta. Hayo yote ni dalili za umiliki. Sisemi Mwalimu ana nia hiyo. Nasema sheria itampa nafasi hiyo, na siku asipokuwepo, wanawe wataikuta.

Kijana_wa_Lanet

Sasa si aandike tu barua ya wakili kumtaka aondoe ukuta, saa isimame?

Wakili_Mashinani

Haisimami, na hapa ndipo wengi huanguka. Katika kesi ya Githu dhidi ya Ndeete, 1984, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba muda hukatika mwenye ardhi anapofungua kesi au anapoingia na kuishika ardhi yake kikweli, au yule aliyekaa anapokiri kwamba ardhi si yake. Barua ya kumtaka mtu aondoke haitoshi. Kesi hiyo hiyo ilisema kubadilika kwa mwenye hati hakuanzishi hesabu upya. Kwa hiyo wewe unayenunua ploti leo yenye ukuta wa jirani ndani yake, unanunua na miaka aliyokwisha kukaa.

Kwa hiyo Muuguzi ana njia mbili za kusimamisha saa. Ya kwanza ni kesi. Ploti yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikilizwa na hakimu mkuu aliyepewa mamlaka ya mambo ya ardhi, si lazima uanzie Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Unafungua dai la kuingiliwa ardhi, na unaiomba korti isimamishe kesi msajili afanye kazi yake. Usitegemee ombi kwa msajili peke yake huku saa inakwenda.

Ya pili ni nafuu kuliko zote, na ndiyo ningeijaribu kwanza kwa sababu Mwalimu ameonesha uungwana. Kifungu cha 23 cha Sura ya 22: akikiri haki yako, muda unaanza kuhesabiwa upya tangu siku aliyokiri. Lakini lazima iwe maandishi, na atie sahihi. Maneno ya simu hayasaidii. Aandike kwamba kipande kilicho kati ya ukuta na bikoni ni cha ploti yako, na kwamba ukuta utakaa pale kwa ruhusa yako mpaka utakapoondolewa. Anayekaa kwa ruhusa hakai kinyume chako.

Riat_Hill

Swali la pembeni. Mimi wa Kisumu. Ukuta wangu umeingia kwenye hifadhi ya barabara tangu 2005, nimekuta alama nyekundu ya X, ya kubomolewa. Hiyo miaka 12 si inanilinda?

Wakili_Mashinani

Haikulindi, ndugu. Kifungu cha 41 cha Sura ya 22 kinaiondoa ardhi ya serikali na ya umma katika hesabu hiyo. Ungekaa hata miaka hamsini. Tafuta mpima athibitishe hifadhi inaishia wapi, kisha uurudishe ukuta mwenyewe uokoe mawe yako.

Mkulima_Njoro

Mbona asimuuzie tu hizo futi nne? Ukuta umeshajengwa, mzee amestaafu, kubomoa ni hasara kwa wote.

Mpima_Ziwani

Kuuza kunawezekana ila si kwa kupeana mikono. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, wenye sahihi za pande zote na shahidi. Kisha ploti ikatwe upya, kipande kiunganishwe na cha jirani, fomu zisajiliwe. Ardhi ikiwa bado inahesabiwa ya kilimo, bodi ya udhibiti wa ardhi itoe kibali, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Mume au mke akubali. Ukijumlisha yote, kipande cha futi nne kinaweza kugharimu kwenye makaratasi zaidi ya bei yake. Na Muuguzi atabaki na upana wa arobaini na sita wakati ramani yake ya nyumba imechorwa kwa hamsini.

Mkulima_Njoro

Na korti yenyewe, si inaweza kusema ukuta ubaki na mama alipwe fidia?

Wakili_Mashinani

Inaweza. Kanuni inayotumika ilitoka Uingereza, kesi ya Shelfer ya 1895: fidia badala ya amri ya kuondoa hutolewa pale madhara ni madogo, yanakadirika kwa pesa, malipo kidogo yanatosha, na kumlazimisha mtu kuondoa itakuwa kumkandamiza. Ukuta ulioingia inchi tatu nyuma ya choo, ningetarajia fidia. Futi nne kwa urefu wa ploti nzima ya hamsini, mimi ningeomba amri ya kuondoa bila wasiwasi. Korti haikusudiwi kuwa njia ya jirani kununua ardhi ambayo mwenyewe hakuiuza.

Muuguzi_KSM

Narudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kimya, zamu zilikuwa za usiku.

Nilichukua mapumziko nikaenda Nakuru na mume wangu. Nilimwomba aniachie mimi niongee, akakubali. Tulikwenda kwa Mwalimu jioni, tukapokewa chai. Nilimweleza yote, pamoja na hiyo miaka 12. Wakili, najua huenda usingependa hili, lakini sikuweza kukaa kwenye kiti cha mzee, ninywe chai yake, huku nikimfichia jambo ambalo lingemnufaisha. Alinyamaza. Kisha akasema yeye amefundisha hesabu miaka thelathini na hawezi kudai futi nne kwa sababu mwenyewe hakupima. Akaniomba kalamu.

Sikumruhusu aandike pale pale. Nilimwambia aende kwa wakili wake kwanza asomewe. Siku ya pili tulikutana, barua ikaandikwa kama ulivyoeleza, akatia sahihi mbele ya mwanawe wa kwanza na wakili. Nakala tatu. Siku hiyo hiyo tulipeleka ombi kwa msajili tukiwa pamoja.

Mpima wa Ziwani, ulisema kweli. Upande wake wa pili naye amekatwa, futi mbili na kitu. Sasa naye ana lake la kufuata, na nimempa namba ya mpima wangu.

Kuhusu ukuta: utabomolewa kwa mikono, mawe yahifadhiwe. Mpya utakaa juu ya mpaka, zege nusu kwake nusu kwangu, uwe wa wote wawili. Mawe ni yake, saruji, mchanga na malipo ya fundi ni nusu kwa nusu. Nani atakarabati na nani atapiga plasta upande gani, yote tumeandika.

Bukusu_Mstahimilivu

Dada, hongera. Ila mbona ulipe nusu? Kosa ni lake lote.

Muuguzi_KSM

Ni kweli ningeweza kumdai alipe yote. Lakini upande ule ningehitaji ukuta hata hivyo, na nusu ya ukuta kwa mawe ambayo sikuyanunua ni bei ndogo kuliko wakili wa miaka minne. Na nitaishi pale. Watoto wangu watapita getini kwake kila siku.

Wakili_Mashinani

Muuguzi, ulichofanya kwa mzee nakiheshimu. Na kumwambia aone wakili wake kumeipa barua yako nguvu, hakuna atakayesema alirubuniwa. Moja tu: msiguse jiwe hata moja kabla msajili hajaonesha mpaka na kuandika. Ukuta huo ndio ushahidi wa kilichotokea.

Muuguzi_KSM

Sawa, Wakili. Fundi nimempa kazi ya upande wa juu kwanza. Ile bikoni ya chini ya mpera tumeizungushia mawe manne na kuipaka rangi nyeupe, na Mwalimu amewakataza wajukuu wasiisogelee. Tunasubiri barua ya msajili yenye tarehe ya kuja.